Kofia ya Jenerali wa Kasansa

Haya ninayoandika hamtayaamini, na muda wa kuwabembeleza sina. Hata mimi, niliyeishia darasa la nne kwa sababu mwalimu alikuwa amebakiwa na kidogo cha kunifundisha, yalinikwama kooni.

Mpwa wangu Gelasius, mkulima wa mpunga pale Kasansa, alikuwa Jenerali. Msikimbie, si wa jeshi! Jenerali wa ngoma. Miaka ile ya sabini, mpunga ukishaingia ghalani, wanangoma waligawana vyeo: huyu Hakimu, yule Daktari, na kila mtu akaishi cheo chake mpaka ngoma inyamaze. Kofia ya Gelasius ilikuwa ya boksi la sabuni, nembo yake karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Akiivaa, shingo inarefuka.

Lakini watu hawakumfuata kwa kofia. Alijua kugawa vyeo. Marta, aliyekuwa na haya hata ya kupiga chafya, alimfanya Daktari. Haikupita muda Marta anawapima wazee kifua kwa kijiko, na wazee wanatii. Wawili wakigombana, Gelasius huwasikiliza wote kwanza, ndipo akoromee. Na Makarius, aliyefukuzwa na kila kundi kwa mdomo wake, Gelasius alimpokea akamfanya msaidizi.

"Mwacheni," alisema. "Mdomo huo utatufaa kuwatukana wapinzani wetu wa Majimoto."

Sheria kubwa aliitunga yeye mwenyewe: uwanjani hakuna jina la nyumbani. Kiongozi akiitwa kwa jina lake akaitika, anavua kofia palepale na msaidizi anaivaa.

Siku ya kwenda kushindana Majimoto, kundi likajipanga. Siku hizo Romana, binti yake Gelasius, alikuwa anatoka kwenye homa kali. Makarius ndiye aliyekesha na baba mtu, akilowesha kitambaa, akimkanda mtoto. Alipajua panapouma.

Gelasius akainua fimbo. Sauti ikatoka nyuma: "Gelasius! Romana amezidiwa!"

"Yuko wapi?" Akageuka, fimbo ikaanguka.

Makarius alikuwa amenyoosha mkono. "Umeitika, ndugu yangu. Lete kofia."

"Mtoto je?"

"Mtoto anakunywa uji kwa bibi yake. Sheria si yako?"

Gelasius akamtazama Marta. Marta akakitazama kijiko chake. Gelasius akamtazama Telesfori mpiga ngoma, ambaye bila Jenerali huyo angeshafukuzwa kwa ulevi. Telesfori akaanza kukaza ngozi iliyokwisha kukazwa. Basi Gelasius akaivua kofia, akainyoosha nembo iliyojikunja, akaitoa. Ngoma ikalia. Wote wakampigia Makarius saluti, wakashika njia ya Majimoto.

Gelasius akala vumbi lao mpaka kwa bibi. Akamkuta Romana anakunywa uji kweli, amejipaka mpaka puani. Akakaa chini, hakujua amshukuru nani.

Sasa sikieni! Kule Majimoto watu walimcheka Makarius mpaka ng'ombe wakakata kamba, wakakimbilia Mpanda kupanda treni. Kundi zima likaangua kilio likimtaka Jenerali wao, na Makarius akapiga magoti mbele ya umati, akavua kofia, aka—

"We mjomba!" Gelasius amesimama nyuma yangu, anasoma. "Ishia hapo. Hakuna aliyelia. Walishinda, wakarudi wanaimba. Kofia anayo Makarius mpaka leo."