Mrudishie Mzee Kipande Chake

Kuna alasiri moja ya mtaani kwetu Mtoni ambayo hainitoki, mwanangu. Nikisinzia tu kibarazani, inanijia: upepo unapita dirishani, pazia linapanda na kushuka, na bibi yangu, Bibi Mwanaidi, yuko kwenye mswala wake anaswali.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yalishaanza kujaa vitu, na vibanda vya video vilituonyesha watu wenye vifua kama makabati. Basi sisi vijana wa mtaa tukamimina zege kwenye makopo ya maziwa, tukachomeka bomba la chuma katikati, kila jioni tunanyanyua. Mwezi mmoja tu, shati likaanza kunibana. Nilivyojiona, usiulize!

Nyumbani tulikula sinia moja. Desturi yetu waijua: mkubwa humsogezea mdogo kipande kizuri cha samaki, naye mdogo humrudishia, japo nusu. Bibi alinisogezea kila siku, nami nikala. Sikurudisha hata mara moja. Yeye akamalizia wali na mchuzi. Tena kwa mapenzi yetu tulishampokonya ndoo, ufagio na mbuzi ya kukunia nazi. Mzee akae, apumzike. Tuliona tunamtunza.

Alasiri hiyo alisujudu, akakaa chini muda mrefu. Nikadhani ni unyenyekevu, nikamtazama kwa raha, usingizi unaninyemelea. Kumbe magoti yamekataa. Bibi yangu hawezi kuinuka mbele ya Mola wake. Nilimwinua kama mtoto. Alikuwa mwepesi, mwanangu, mwepesi mno, na moyo uliniuma.

Alipomaliza swala alilia kwanza, kisha akanigeukia.

"Mmenistaafisha nyie. Ndoo mmenipokonya, nazi hamtaki nikune. Hii miguu itajuaje kama bado ina kazi?"

"Sie tulitaka upumzike, Bibi. Hata samaki, si ulikuwa hutaki mwenyewe?"

"Nani kakwambia sitaki? Mie nakupa kwa desturi, na wewe unirudishie kwa desturi. Yako umeiacha wapi?"

Niliona haya mpaka nikatamani ardhi inimeze.

Kuanzia hapo nikarudisha: samaki, maharage, mayai ya kuku wake. Asubuhi alikaa kigodani, akasimama, akakaa tena, akasimama, huku ananikemea nisimshike. Ndoo alianza na maji kidogo. Mimi mwezi ulinitosha. Kwake miezi ilipita na sikuona kitu. Nikakata tamaa, naye akanicheka, akasema haba na haba hujaza kibaba. Mvua za masika zikaja, zikaenda. Ndipo siku moja nikamkuta kasujudu, nikasogea nimshike. Akainuka. Polepole, peke yake, akasimama wima. Nikakaa sakafuni nikalia kwa furaha.

Leo mvi zimenijaa, na maneno yake nayasikia ndani ya mwili wangu. Misuli ya mzee haijafa, mwanangu. Imekuwa nzito kusikia. Ya kijana ukiiita mara moja, huitika. Ya mzee hutaka uiite kwa nguvu: chakula cha kujenga mwili kiongezwe, kisipunguzwe, na kazi ya kiasi chake isikatike, halafu uwe na subira. Ng'ombe hazeeki maini.

Kwa hiyo usimketishe mzee wako kwa mapenzi mpaka asahau kusimama. Kama ana maradhi, waulize waganga wa hospitali anachoweza. Anachoweza, mwachie akifanye. Akikusogezea kipande, mrudishie. Akikataa, mbembeleze kwa heshima mpaka ale. Na wewe usingoje uzee ukupigie hodi ndipo uanze kuutafutia nguvu.

Mungu akupe umri mrefu, mwanangu, na akupe miguu ya kuubeba.