Nusu Doti ya Harusi ya Rukia

Nakumbuka nilipokuwa msichana mdogo wa miaka arobaini na kitu. Chekeni kidogo, ruhusa, kwani nami nacheka ninapoandika. Wenzangu wa rika langu wakikaa kuzungumza utoto huutaja ule wa Unguja: chuoni, mchezo wa nage, maembe mabichi kwa pilipili na chumvi. Miye niliupitia huo nikiwa ng'ambo ya uwanja, nimevishwa kanzu na kofia, nawatazama wasichana wakikwepa mpira, na roho yangu iko kwao. Utoto wangu wa kike Mola aliniandikia kuuchezea London, miaka ya tisini, baada ya hospitali, vidonge na dua zisizo na idadi. Ulichelewa, lakini niliupata, na kila sijda namshukuru.

Aliyenilea ni Bi Nasra, jirani yangu wa ghorofa ya juu, mama wa Kizanzibari aliyenipita umri kidogo tu lakini akiniita mwanangu. Nilipomwambia kwamba sasa jina langu ni Saida, hakuuliza la zamani. Aliuliza kama najua kupika vitumbua. Sikujua. Basi kila Jumamosi nikapanda ngazi kwake kujifunza usichana: kujifunga kanga isianguke katikati ya barabara, kukuna nazi bila kujikuna vidole, kukaa kwenye mkeka na gauni refu kisha kuinuka bila kujikwaa. Flati yake ilinukia iliki na udi tangu mlangoni. Sikukuu za kiangazi tulikwenda bustanini na masinia yetu, na humo ndimo nilimocheza nage kwa mara ya kwanza, kinamama wazima tumepandisha magauni, Waingereza na mbwa wao wamesimama wanatushangaa. Nilipigwa mpira wa mgongo nikafurahi kama niliyepewa zawadi.

Mwanawe Bi Nasra, Rukia, alikuwa mdogo bado. Kama watoto wote waliozaliwa huku, unamsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Siku moja alinikazia macho akamuuliza mama yake kama mimi ni mwanamume au mwanamke. Mama akamjibu, "Huyu ni Bi Saida." Rukia akafikiri, akauliza tena, "Anajua kusuka?" Nikasema sijui. Akaniletea mwanasesere wake nijifunzie. Kwake mambo yakaishia hapo.

Kwa wakubwa hayakuisha upesi hivyo. Dereva wa basi aliniita bwana mbele ya abiria wote. Vijana wa kituoni waliniita "it", neno la Kiingereza wanalolitumia kwa kiti na meza. Na nyumbani kwetu, miongoni mwa watu wangu, alikuwako Bi Mwanaidi, mdogo wake Bi Nasra. Yeye hakunitukana hata siku moja. Aliniita kile. "Kile kimekuja?" "Kile kimeshakula?" Aliuliza nikiwa nimekaa pale pale, sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia chombo.

Bi Nasra alikuwa akimjibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye ungo wake wa mchele: "Mwanaidi, sufuria iko jikoni. Hapa sebuleni wamo watu."

Nilijifunza namna zangu za kustahimili. Nilivuta uradi kimoyomoyo, kwani nilisomeshwa tangu mdogo kwamba Mola ametukataza kuitana kwa majina mabaya, na mwenye kuyatoa ndiye mwenye kazi ya kuyajibu huko mbele. Pale uradi ulipochelewa kunituliza, nilipanda treni hadi mtaa wa Tooting, kwenye duka la Mhindi mmoja mzaliwa wa Mombasa aliyemwita kila mteja wa kike mama. "Karibu mama. Pilipili mpya, mama. Mihogo hii, mama, imeshuka jana." Nilinunua pilipili nisizokuwa na haja nazo ili nizidi kuitwa. Kabati langu la jikoni lingetosha kulisha mtaa.

Miaka ikenda, Rukia akawa mchumba wa watu. Msomaji aliyewahi kuozesha kwetu anajua habari ya sare: kinamama wa ukoo na marafiki wa karibu hununua kanga za aina moja, doti kwa kila mmoja, kipande cha kiunoni na kipande cha begani. Mwenye sare ni mwenye harusi. Asiye nayo ni mgeni wa kula pilau na kuondoka. Kanga zilipofika kutoka Unguja, nyekundu na nyeupe, nilijiambia nisitarajie. Bi Mwanaidi alikwisha kusema wazi, "Kile kikiingia ukumbini na wanawake, miye natoka." Naye ni mama mdogo wa bibi harusi. Mimi ni nani? Bi Nasra akaja mlangoni na doti yangu imepigwa pasi. "Atoke," alisema. "Mlango ni mpana."

Siku yenyewe niliingia ukumbini, nikakaa kona ya nyuma karibu na masinia, nangoja Bi Mwanaidi anione na kutimiza aliyoahidi. Kumbe yeye alikuwa chumba cha nyuma anafukiza kanga zake. Mnajua tena watu wetu: nguo ya harusi haivaliwi bila kunukia. Alipindua tenga juu ya chetezo cha makaa na udi, akatandaza doti nzima juu yake, kisha akasikia vigelegele akatoka kumchungulia bibi harusi. Udi wa London hauna subira. Aliporudi, kanga zilikuwa na tundu la kupita mtoto, na kengele ya moto ya jengo zima inalia.

Tulimwagika barabarani sote, bibi harusi na hina yake chini ya mwavuli, manyunyu yanatushukia. Wanaume walikuwa ng'ambo, ndani ya magari yao, wanatucheka. Bi Mwanaidi alitoka wa mwisho, kakumbatia matambara yake, analia kama mtoto. "Nitaingiaje? Mama mdogo bila sare, nitaingiaje?" Wenzake wakatazamana. Nilivua kipande changu cha begani nikamnyooshea.

Alikisogezea pua. "Kina jasho hicho?"

"Kina udi, Bi Mwanaidi. Miye sikuunguza."

Kinamama wakaangua kicheko. Akakitwaa, akakifunga kiunoni. Hapo ndipo afande mmoja wa zimamoto aliponishika bega kwa upole. "Bwana," aliniambia, "tafadhali vuka ukasimame na wanaume."

Nilishaanza kushuka ukingo wa njia. Mazoea. Nikasikia sauti nyuma yangu, Kiingereza cha sokoni lakini kila neno limekaza: "Bwana yuko wapi hapa? Huyu dada. Huoni tumevaa nguo moja?" Bi Mwanaidi akanivuta mkono. Afande akaomba radhi. "Na weye," akanigeukia kwa Kiswahili, "jifunge vizuri, unatuaibisha mbele ya serikali."

Tulirudi ndani tukala sinia moja. Hakuniomba radhi, wala sikungoja. Ila kile kikakoma.

Siku hizi binti wa Rukia ndiye msemaji wangu. Daktari akikosea kuniita, humrekebisha kabla sijafungua mdomo, na chini ya barua zake ameandika kama yeye mwenyewe atajwe kwa neno la Kiingereza la kike au la kiume. Namwombea dua kwa hilo. Tungelipata ulinzi huo, machozi mengi yasingelitoka. Lakini vijana hao hao hawamjui jirani wa ghorofa ya juu hata kwa jina. Chetezo chao ni cha umeme, hakiunguzi chochote. Na sare zao ni magauni ya kuagizwa kwa simu, kila mmoja kwa kipimo chake. La mmoja likiharibika, hakuna atakayemkatia nusu.

Kipande changu bado kiko kabatini. Cha pili anacho Bi Mwanaidi, hakukirudisha, nami sijakidai. Miguu haimchukui tena, basi kila Ijumaa baada ya sala hunipigia simu.

"Saida, umeamkaje, mwenzangu? Kipande chako kingali kinanukia?"

Namwambia kingali. Naye hunijibu kwamba chake kimeisha harufu, nije nacho changu tuvifukize pamoja, na safari hii nikae nivilinde.