Kocha Aliyekataa Sindano

Mwezi uliopita tulipanga foleni ya chanjo katika chuo ninachofundisha hapa Lushoto, maana uongozi umeamuru kila mfanyakazi achanjwe. Zamu ya kocha wa mpira ilipofika, akakunja mikono kifuani.

"Dada nesi, mimi siingizi mwilini kitu nisichokijua."

Nesi akaweka sindano chini, taratibu. "Sawa, kocha. Na ile dawa nyeusi ya mganga wa Mlalo, uliyowapaka vijana kwenye chale kabla ya mechi, ilikuwa na nini?"

"Ile haiulizwi!"

Vijana hao, kocha aliwaambia asiyetaka chale atakaa benchi. Wakakubali, na wakafungwa nne bila. Sasa mkuu wa chuo amemweka yeye benchi mpaka achanjwe, na kila tukikutana sokoni ananiambia kumlazimisha mtu ni dhambi.