Mafuta ya Mama Yaliyoganda Kinole

Utotoni niliamini kabisa kwamba mafuta ya nazi za wizi huona aibu, yakipandishwa mlimani yanaganda. Juzi nimekuta chupa yangu imeganda jikoni, nikaukumbuka mchana ule wa mvua Kinole, kijiji cha mlimani, harufu ya karafuu mbichi, na baridi ya kugandisha hata kikohozi.

Mama alifunua ndoo aliyotoka nayo mjini kuja kuuza. Mafuta yalikuwa meupe kama mshumaa.

"Mama Selemani, nazi za mafuta haya umeiba wapi?" muuzaji wa pembeni akauliza. "Mbona ya alizeti hayagandi?"

Mama aliinamisha kichwa. Moyoni nami nilijua kaiba, lakini nilipanda juu ya kigoda, nikachota kiganja kizima, nikajipaka mpaka masikioni.

"Basi na mimi mwizi! Nikamateni!"

Tulishuka na ndoo yetu imejaa. Mama hakuuza tena Kinole.

Nikiwa mtu mzima, kwenye masomo ya jioni, nilimsimulia kisa hicho mwalimu wetu wa kemia, binti mdogo kuliko wanangu, nikamuuliza kwa nini yaliganda. Akachora ubaoni.

"Molekuli za mafuta ya nazi nyingi zimenyooka, baba. Zinalaliana kama kuni, zikipata ubaridi zinashikana. Za alizeti zimepinda, hazipangiki vizuri. Ukijua umbo la molekuli, unajua mapema kama mafuta yataganda. Mama yako hakuiba."