Kifaa cha Fundi Pyo Kilichovuja

Kabla ya kuvuta, Pyo Chang-gyu alikigonga kwanza kifaa chake kwenye ukucha wa kidole gumba. Alianza kugonga sigara zake hivyo akiwa kijana wa karakana, ili tumbaku ishikamane isimwagike. Hata alipoacha sigara akahamia ya mvuke, ambayo haina tumbaku wala cha kushikamana, mkono uliendelea na kazi yake ya zamani kana kwamba hakuna aliyeupa habari.

Ok Mi-jeong aliiona tabia hiyo siku ya kwanza Pyo alipoingia dukani kwake. Duka la vifaa vya mvuke lilikuwa dogo, kwenye mteremko wa mji wa Okpo unaoshuka hadi lango la kiwanda cha meli, katikati ya muuza kuku wa kukaanga na mshona sare. Jumamosi wanaume wakitoka zamu walijipanga mbele ya kaunta na matatizo yao. Huyu kifaa chake kinanuka kuungua, kwa sababu amejaza majimaji akavuta papo hapo bila kungoja pamba inywe. Yule amepandisha moto hadi mwisho ili apate wingu la kuwaringia wenzake, sasa koo linamwasha. Mi-jeong aliwasikiliza wote kwa uso ule ule wa upole, akafungua, akafuta, akabadilisha koili, ule waya unaochemsha majimaji, akawarudishia. Na aliyekuja kununua cha kwanza hakumwonyesha rangi wala bei. Alimuuliza tu sigara alikuwa akiivutaje, moshi ulikaa kwanza mdomoni au ulikwenda moja kwa moja kifuani.



"Ulikaa kwanza," Pyo alisema. "Sikuwa na haraka nao."

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alishuka kutoka milima ya Hapcheon akiwa hata ndevu hazijamtoka sawasawa, na tangu hapo maisha yake yalipita ndani ya matumbo ya meli, amelala chali, cheche zikimwangukia kifuani. Meli alizozichomelea zilikwenda kila bahari. Yeye hakuwahi kupanda hata moja ikiwa majini. Mkewe alifariki mwaka ambao kiwanda kilipunguza wafanyakazi, na ndipo sigara zikazidi, ya asubuhi ikawashia ya mchana. Alibakiwa na binti mmoja, Bo-ram, aliyeolewa Mokpo. Bo-ram alipopata mimba alimpigia baba yake simu na kumwambia, bila kupandisha sauti, kwamba mtoto wake hatabebwa na mikono inayonuka sigara. Hicho ndicho kilichomleta Pyo dukani.

Kifaa alichochagua kilikuwa cha kujaza kwa juu, chenye matundu ya hewa chini. Haukupita muda kikaanza kuvuja. Kilikoroma kama mtu mwenye mafua, na majimaji yakampanda hadi kwenye ulimi. Akakirudisha. Mi-jeong alijua sababu hata kabla hajakipokea. Kila kikigongwa, majimaji yalisukumwa yakaipita pamba na kushukia kwenye matundu ya hewa. Neno moja lingetosha. Alifungua mdomo aliseme, lakini Fundi Pyo alikwisha kuvua kofia, ameketi kwenye kiti cha plastiki, anaomba ruhusa ya kujikorogea kahawa, huku ameanza kusimulia habari za mwenzake wa kiwandani aliyesinzia ndani ya tangi hadi zamu ikaisha na mfuniko ukataka kufungwa juu yake.

Mi-jeong akabadilisha kimpira cha chini. "Tuone kama kitatulia," akasema.

Hakikutulia. Jumamosi iliyofuata Pyo alirudi, na iliyofuata, na hivyo hivyo majira yote ya joto. Mi-jeong alikuwa na miaka arobaini na kitu. Mumewe alikwenda Busan kutafuta biashara, akapata huko biashara na mke, na tangu hapo yeye alipika wali wa mtu mmoja katika chungu cha familia. Ijumaa jioni alinunua machungwa madogo akayapanga kwenye bakuli karibu na kile kiti cha plastiki. Hakujiambia kwamba anamngoja mtu. Alisikia tu hatua kwenye mteremko, akajua zipi si zake.

Bibi Gwak, muuza kuku, aliyaona yote kupitia kioo. Siku moja alimuuliza hicho kifaa cha Fundi Pyo kina maradhi gani yasiyopona, na kwa nini kisipelekwe Seoul kwa madaktari bingwa. Mi-jeong akajibu kwamba ni mpira tu, umezeeka.

"Kilichozeeka hapo ni mpira," Bibi Gwak akasema, "au ni nyinyi wawili?"

Baridi ilipoanza, Pyo alikuja siku ya kazi, na sare yake mwilini. Hakuvua kofia, hakuketi. Mi-jeong aliisikia harufu ya sigara kabla hajasema lolote. Alieleza kwamba walikuwa wamepumzika juu ya jukwaa, akavuta, mdomo ukajaa majimaji, akatema. Wenzake wakacheka, na mmoja akamnyooshea sigara.

"Nikavuta moja," alisema. "Hata ladha yake sikuisikia. Nikavuta ya pili ili niisikie."

Bo-ram alikuwa karibu kujifungua. Pyo alikiweka kifaa juu ya kaunta, akakisogeza mbali naye.

"Bosi, niambie ukweli. Shida ni hiki au ni mimi?"

Mi-jeong aliangalia bakuli la machungwa.

"Ni kugonga," akasema. "Ukikigonga, kinavuja."

Pyo alikitazama kidole gumba chake kama kitu kilichosahauliwa mfukoni mwake na mtu mwingine. Hakumuuliza Mi-jeong alijua tangu lini. Mi-jeong alifungua kabati la kioo akatoa kifaa kingine, chembamba, kilichozibwa pande zote. Alimweleza kwamba hicho hakina mpira wala koili ya kubadilisha. Majimaji yakiisha, unachomoa kichupa unachomeka kingine, na vichupa vyake viko hata duka la pale stendi.

"Kigonge utakavyo," akamwambia.

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi upumzike, Fundi."

Hakuja tena. Machungwa yalinyauka ndani ya bakuli, akayatupa, akanunua mengine, yakanyauka nayo. Ni Bibi Gwak aliyemletea habari kwamba mtoto amezaliwa, ni msichana, na babu amembeba mchana kutwa hadi wakamnyang'anya.

Mwaka uliofuata, kabla joto halijaanza, Pyo alistaafu. Alipita dukani siku anayohamia Mokpo kumlea mjukuu, amenyoa, amevaa koti jipya, ananukia sabuni ya mtoto. Kulikuwa na foleni, na mikono ya Mi-jeong ilikuwa imelowa majimaji ya kifaa cha mtu mwingine. Walizungumza habari za basi. Pyo alimwonyesha picha ya mtoto kwenye simu, naye akasema ana masikio ya babu yake. Kisha, kwa kuwa Pyo alikuwa anaondoka, Mi-jeong akamuuliza vipi kile kifaa.

Pyo alikitoa mfukoni. Alikigonga kwenye ukucha, kwa nguvu, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa kikavu.

"Bosi, hiki ulichonipa hakiharibiki," akasema. "Nimekigonga kila Jumamosi mpaka nimechoka."