Maji Yasiyofika Mia

Ujumbe ule niliufuta mimi. Kwa miaka miwili nimekana: kwanza kwenye grupu lenyewe, halafu kwa binti yangu, na mara moja kwa mama mmoja wa kwaya ambaye wala hakuwa ameniuliza.

Lilikuwa grupu la mtandaoni la kutatua maswali ya fizikia. Binti yangu alijiunga kwa simu yangu wakati wa likizo, akarudi shule ya bweni, mimi nikabaki. Fizikia niliiacha kidato cha pili, tukiwa tumechokana, na chuo kikuu nikasoma sosholojia. Lakini utaratibu wao ulinivutia. Mtu anaweka swali, na kila mmoja anaruhusiwa kuandika hatua moja tu, kisha anamwachia mwenzake. Ukiandika mbili unaitwa mlafi. Mimi nilikuwa nawahi hatua ya kwanza, ile ya kuorodhesha tulichopewa. Kwa kuwa naandika sentensi zenye nukta, na wengi wao walikuwa wanafunzi, siku moja mmoja akaandika, "Shikamoo madam." Nikajibu marahaba. Ualimu wangu niliupata hapo.

Jumapili moja baada ya ibada, binti wa Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha, aliyekuwa anarudia kidato cha nne akaweka swali. Kipande cha chuma kinakaa kwenye maji yanayochemka, kisha kinatumbukizwa kwenye maji baridi. Tafuta joto mahususi la chuma. Alikuwa amelifanya kwa vitendo kwenye kituo chao cha masomo.

"Maji yanachemka kabisa, ila kipimajoto kinagoma kwenye tisini na tano. Kesho asubuhi ndiyo mtihani wa vitendo. Nikikuta hivi niandike ngapi?"

Hilo nililijua tangu shule ya msingi. "Maji huchemka kwenye nyuzi mia," nikaandika. "Kipimajoto chako ni kibovu. Kesho kikigoma tena, andika mia."

"Asante sana madam. Bando langu linaisha, tutaonana baada ya mtihani. Mniombee."

Haikupita robo saa akaingia kijana wa Daraja Mbili, ambaye hajawahi kuacha kosa la mtu lipite salama.

"Madam, hiyo mia ni ya Dar! Sisi tuko juu, hewa haikandamizi sana, maji yanachemka mapema. Au kitabu chako hakijawahi kupanda Arusha?"

"Mwacheni madam," mwingine akadakia. "Labda jiko lake liko ufukweni."

Nimezaliwa kwenye migomba ya mlima Meru. Utoto wangu wote nilikaa jikoni nikisubiri maharage yaive, mama akilaumu kuni, na haikunijia kamwe kwamba ile ilikuwa fizikia.

Nikaufuta ujumbe. "Nani kafuta?" wakauliza. "Mtandao unasumbua leo," nikaandika, kwa nukta yangu.

Lakini yeye alikuwa ameshausoma, na masahihisho asingeyaona kwa sababu bando lilikuwa limekwisha. Kumpigia simu ya kawaida kulihitaji salio tu, na salio nilikuwa nalo. Namba yake ilikuwa mbele yangu. Niliigusa mara mbili, na mara zote nikakata kabla haijaita. Mwalimu wa kweli angesema "nimekosea" na dunia ingeendelea. Mimi sikuwa mwalimu, kwa hiyo nikaulinda ualimu wangu kama kitu cha kuazima.

Jumatatu asubuhi nilikwenda mjini, Kaloleni, kuchapisha makala. Nikiwa kwenye foleni, nyuma ya bahasha, nililitatua lile swali peke yangu, hatua zote, mlafi kamili. Kwanza kwa tisini na tano, halafu kwa mia. Kwa mia, jibu lilitoka pungufu. Nikarudia, likatoka pungufu vilevile. Yule mtoto alikuwa anatafuta alama za kumvusha, mara ya pili, na mimi nilikuwa nimemwambia asiamini macho yake. Aliyekuwa anachapisha akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikasema ni jua.

Simu iliita saa saba mchana. Niliiacha iite karibu mpaka mwisho.

"Shikamoo madam."

"Marahaba mwanangu. Imekuwaje?"

"Madam, naomba unisamehe."

Nikatafuta pa kukaa.

"Sikukusikiliza. Kiligoma palepale, nikaomba kingine. Nikaomba na cha tatu, mpaka yule wa maabara akaninunia. Vyote tisini na tano. Nikasema haviwezi kuwa vibovu vyote, nikaandika nilichokiona. Jibu limekuja zuri, lakini tangu nimetoka nimekosa amani, maana wewe ulikuwa umenielekeza vingine."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema.

"Usijali," nikamwambia. "Nimekusamehe."