Gango la Mota na Gambuti za Mama Chebet

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya chuo, Mkuu wa Idara alinikabidhi koti la buluu na funguo, akasema, "Bwana Langat, huku hatukaushi majani. Huku tunatoa mafundi." Nilikuwa nimetoka kiwanda cha chai, ambako nilikarabati mashine miaka mingi. Kazi hiyo mpya niliipenda mno, wala sioni haya kusema.

Mradi ninaoukumbuka zaidi ni wa Chebet, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kutoka Kapsoit. Goti la mama yake lilikuwa limeharibika, na mteremko wa shamba lao ukamshinda. Mama alitaka jambo moja tu, kurudi kuchuna chai yake. Chebet akabuni gango, yaani kifaa cha kufungwa mguuni kushikilia goti: vyuma viwili vya alumini, bawaba katikati, na mota ndogo yenye gia za kupunguza mwendo ili nguvu iongezeke. Goti likianza kukunjuka, kihisi kinatambua, mota inasukuma.

Mama alikuja kupimwa amevaa kama wa kwenda kanisani, viatu vimepigwa rangi vikang'aa. Kwa heshima, hakuna aliyemwuliza huvaa nini akichuna. Gango lilipokamilika alizunguka nalo karakana nzima akicheka, nami nikafuta miwani.

Tulipolipeleka shambani, akatoka nyumbani na gambuti ndefu, viatu vya mpira vinavyokaribia goti. Mkanda wa chini ukakataa kabisa kufunga.

"Sasa hii itaingia aje?" akauliza. "Bila gambuti siwezi ingia kwa majani. Iko matope na nyoka."

Tuliporudi chuoni, Mkuu wa Idara hakuona shida. "Watahini wataangalia ikitembea kwa sakafu. Maksi iko. Wachana na gambuti."

Chebet akanigeukia. "Fundi, mimi sikutengenezea sakafu."

Tukakata vyuma upya, tukapanua mkanda upite juu ya gambuti, na betri tukaifunga kiunoni chini ya aproni. Mama alishuka hadi mwisho wa shamba, akachuna, akapanda bila kushikwa mkono. Chebet alilia. Mimi pia.

Sasa niko nyumbani Chepseon na ng'ombe wangu, na ninachokosa zaidi ni harufu ya chuma kilichokatwa na kelele za wanafunzi. Sijutii chochote, hata nilichofanya siku ya kustaafu. Kanuni ilitaka kila mradi ubaki chuoni, kabatini, wageni wauone. Nilifungua daftari la karakana nikaandika: "Gango limetoka kwa majaribio. Litarudi yakikamilika." Mama Chebet angali analijaribu.